Tahadhari: "seti za tangi la bahari" za bei nafuu zinazouzwa Mbeya si za baharini

Ninaandika kuwatahadharisha ndugu zangu wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa kuhusu mwuzaji anayetangaza katika makundi ya WhatsApp kile anachokiita "seti kamili ya tangi la bahari" kwa shilingi 180,000, yaani tangi dogo la kioo la lita 60, pampu, pakiti ya chumvi na samaki wanne wa rangi. Ninafuga samaki wa mapambo hapa jijini, na walionunua kwake huniletea samaki hao wakidhani wanaumwa. Nimewaangalia samaki, nimeishika chumvi yenyewe, na ninasema bila kusita kwamba katika seti hiyo hakuna samaki wa baharini wala chumvi inayofaa kwa tangi la bahari. Jina lake silitaji kwa sababu analibadilisha pamoja na laini ya simu kila anapobanwa. Mbinu zake ndizo zisizobadilika, na hizo ndizo ninazotaka kila mtu azijue kabla hajatuma fedha.

Samaki anaowauza ni wa Ziwa Nyasa. Ni wale wadogo wa bluu wenye mikanda myeusi, na wengine wa njano, wanaoishi kwenye miamba ya ukingo wa ziwa na ambao wafugaji duniani kote huwaita mbuna. Ni samaki wazuri mno, na rangi zao hukaribia kabisa zile za samaki wa matumbawe, kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kuwaona wote wawili hawezi kulaumiwa kwa kudanganyika. Ipo alama moja inayosaidia. Ugeuze mfuko wa samaki taratibu kwenye mwanga, umtazame samaki kwa ubavu, kisha uangalie pezi la chini lililo karibu na mkia: dume la mbuna mara nyingi huwa na doa moja au kadhaa ya mviringo ya njano au ya chungwa kwenye pezi hilo, yanayofanana na mayai madogo. Ukiyaona, umeshika samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, hata kama mwuzaji anaapa kwamba aliwapokea asubuhi hiyo kwa basi kutoka Dar es Salaam.

Hila kubwa zaidi imo kwenye chumvi. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, kwa hiyo tangi la lita 60 linahitaji zaidi ya kilo mbili. Yeye hutoa pakiti ya gramu 250 na kusisitiza kwamba isiongezwe hata punje. Kiasi hicho hufanya kama gramu nne kwa lita, yaani zaidi kidogo tu ya sehemu moja ya kumi ya chumvi ya bahari, na mbuna wanaweza kukivumilia. Hivyo mnunuzi huonja maji, huhisi uchumvi kidogo, huona samaki wakiogelea, na huamini kwamba ana bahari nyumbani kwake. Siku atakaposoma kipimo sahihi na kukifuata, maji makali ya chumvi huvuta maji kutoka kwenye miili ya samaki hao, nao hufa kwa muda mfupi. Mama mmoja wa Uyole, aliyemnunulia mwanawe seti hiyo baada ya matokeo ya mtihani, alinionyesha jibu alilopewa alipolalamika: "Dada, nilikwambia usizidishe chumvi, hapo kosa ni lako." Limeniumiza jibu hilo, kwa sababu mtoto yule alikuwa amepima kwa usahihi na sasa anaamini kwamba yeye ndiye aliyewaua samaki wake.

Pakiti yenyewe ni mfuko wa nailoni usio na maandishi, wenye chumvi ya mawe kama ile tunayoinunua sokoni. Mwuzaji hujitetea kwamba imetoka kwenye mashamba ya chumvi ya pwani, hivyo ni ya bahari. Hata ikiwa kweli imetoka huko, haitoshi. Maji ya bahari yanapokauka kwenye majaruba, chokaa hutangulia kuganda, hufuata jasi, kisha ndipo chumvi ya kula huganda, na maji machungu yanayobaki, yenye magnesiamu na potasiamu nyingi, hutenganishwa na kuondolewa. Kinachovunwa karibu chote ni chumvi ya mezani, wakati katika maji halisi ya bahari takriban asilimia 15 ya uzito wa chumvi zote ni vitu vingine ambavyo viumbe wa baharini huvihitaji. Chumvi maalumu ya tangi la bahari hutengenezwa ili kuvirudisha vitu hivyo vyote, nayo huuzwa katika kifungashio kilichofungwa kiwandani, chenye jina la mtengenezaji na maelezo ya lita ngapi kinatosha.

Kwa mtu asiye na kifaa cha kupimia, kipo kipimo cha jikoni ambacho ningeomba kila mnunuzi akifanye mbele ya mwuzaji au mbele ya kijana aliyeleta mzigo, kabla ya kulipa. Chukua kijiko kimoja cha chakula cha maji yaliyo ndani ya mfuko wa samaki, yamimine kwenye kikaango cheusi kikavu, kisha yakaushe kwa moto mdogo. Maji ya bahari yataacha ukoko mweupe wa chumvi karibu nusu gramu, unaoonekana wazi na unaokwanguka kwa ukucha. Maji ya ziwa yataacha ukungu hafifu tu. Samaki wa baharini hawezi kusafirishwa katika maji baridi akafika Mbeya akiwa hai, kwa hiyo mfuko usio na chumvi umeshatoa jibu.

Wapo pia aliowachukulia malipo ya awali kwa samaki wa chungwa mwenye mikanda mitatu myeupe, yule ambaye watoto wanamjua kupitia katuni, akidai kwamba anavuliwa Mafia. Samaki huyo haishi katika bahari yetu. Makazi yake yako upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi na magharibi mwa Pasifiki. Ndugu zake wanaopatikana pwani ya Afrika Mashariki ni wa sura nyingine, mmoja akiwa na mstari mmoja mweupe unaopita mgongoni, mwingine akiwa wa kahawia iliyokolea mwenye mikanda miwili. Isitoshe, sehemu kubwa ya bahari ya Mafia ni hifadhi tangu mwaka 1995, na si mahali ambapo mtu hujichotea samaki apendavyo. Baada ya malipo huja habari kwamba basi limekwama Kitonga, kisha inatakiwa fedha ya kuongeza oksijeni, "na ya kutolea", kisha simu haipatikani tena. Baadhi ya wanunuzi walitakiwa hata kutuma picha ya kitambulisho cha NIDA ili mzigo "usajiliwe". Tafadhali, msimtumie mtu yeyote kitambulisho kwa ajili ya samaki.

Najua kinachowavuta watu ni bei, na simlaumu mtu mwenye fedha kidogo kwa kutamani kitu kizuri. Lakini kuna vitu ambavyo seti hiyo haina na ambavyo haviwezi kukwepwa. Usiku wa Juni na Julai baridi ya Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, ilhali samaki wa matumbawe wanahitaji maji ya nyuzi 24 hadi 27, kwa hiyo tangi lisilo na hita yenye kidhibiti joto halifai hapa kabisa. Kinahitajika pia kifaa cha kupimia chumvi, ambacho kwenye maji ya bahari husoma takriban 1.025, yaani uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji safi. Na unahitajika muda: tangi jipya huchukua kwa kawaida wiki nne hadi sita kabla bakteria hawajaongezeka vya kutosha kuigeuza amonia ya kinyesi cha samaki kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na madhara makubwa. Mwuzaji anayekwambia uweke samaki wanne siku ileile ulipojaza maji, hata kama samaki wake wangekuwa wa kweli, anakuuzia vifo. Kama bajeti ni ndogo, nunua kwanza tangi, hita na kipimo, ukiliacha suala la samaki hadi mwisho, na kwa kila ununuzi dai risiti ya EFD.

Kwa wale ambao tayari wanao mbuna hawa: msiongeze chumvi. Badilisheni sehemu ya maji kidogo kidogo kwa siku kadhaa, mkitumia maji safi yasiyo na klorini, hadi uchumvi uishe, na muweke hita ya nyuzi 25 au 26. Watapona na kuishi vizuri kama samaki wa maji baridi. Msiwamwage mtoni wala kwenye bwawa la mtu.

Kwa waliolipa bila kupokea kitu: hifadhini ujumbe wa muamala na mazungumzo yote, tumeni namba ya tapeli kwenda 15040 ya TCRA, kisha fungueni taarifa polisi na kuchukua RB, yaani namba ya taarifa yenu. Aliyetuma picha ya NIDA apige *106# ahakikishe hakuna laini asiyoijua iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake, na akiikuta, aende kwa mtoa huduma aifute mara moja.