Nyota Anayetaka Kuhama: Ununue au Umwache?

Nyota wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, akishatamka kwamba hataki kubaki, klabu yake hubanwa na wewe mnunuzi unaona bei inalegea. Usikimbilie simu. Uliza kwanza mkataba umebakiza miaka mingapi, mwili wake ukoje, na utalipa kwa nini: kwa wachezaji ulionao, au kwa nafasi za drafti (zamu za klabu kuchagua chipukizi) za miaka ijayo, yaani vijana ambao hata wewe hujawaona? Hili la mwisho limewaunguza wengi, na ndilo nililopangia orodha hii.

1. Kawhi Leonard, 2018. Alikuwa amecheza mechi 9 tu msimu mzima pale San Antonio kwa sababu ya msuli wa paja, na wote walijua mwaka unaofuata angekuwa huru kuondoka. Gari zuri lililolala gereji: wengi wanalizunguka, wanaotoa pesa hawapo. Toronto wakatoa DeMar DeRozan, kipenzi cha mji, pamoja na Jakob Poeltl na nafasi moja ya raundi ya kwanza ya drafti, na juu yake wakaongezewa Danny Green. Mwaka 2019 wakawa mabingwa, Kawhi akiwa mchezaji bora wa fainali. Wiki chache baadaye akaenda zake klabu ya Clippers, bure. Wanaoita hiyo hasara wakaseme hivyo mbele ya watu wa Toronto.

2. Anthony Davis, 2019. Bei kali waliyolipa Lakers: Brandon Ingram, Lonzo Ball, Josh Hart na nafasi tatu za raundi ya kwanza. Ila tayari walikuwa na LeBron James, na Davis alikuwa na miaka 26. Ubingwa ukaja 2020. Ghali, lakini mzigo ulifika.

3. Damian Lillard, 2023. Yeye alitaka Miami; Milwaukee ndio waliomchukua, akiwa na miaka 33. Mara mbili wakatolewa raundi ya kwanza ya mtoano, akachanika kano ya kisigino, na 2025 wakavunja mkataba huku deni la mshahara likiendelea kuwahesabia. Jrue Holiday waliyemtoa alipitia Portland, akaishia Boston, na 2024 akavaa pete ya ubingwa.

4. Paul George, 2019. Kuwatetea Clippers kidogo: Kawhi alimtaka pembeni yake, kwa hiyo walikuwa wananunua wawili kwa mpigo. Lakini tazama risiti. Oklahoma City walipokea nafasi tano za raundi ya kwanza, haki mbili za kubadilishana nafasi za drafti na Clippers, Danilo Gallinari, na kijana aliyemaliza msimu wake wa kwanza tu, Shai Gilgeous-Alexander. Nafasi mojawapo ikazaa Jalen Williams mwaka 2022. George aliondoka 2024 bila Clippers kugusa fainali. Mwaka uliofuata Oklahoma City wakatwaa ubingwa, na Shai akabeba tuzo ya mchezaji bora wa ligi na ya fainali.