Karatasi za kukunjia marinda: nimejaribu nne, moja tu imebaki mezani

Kuelekea Idi iliyopita mteja wangu mmoja alinionyesha kwenye simu gauni la shifoni, marinda membamba yameanza kifuani yakashuka hadi miguuni, yote sawasawa kama meno ya kitana. Akaniuliza, "Fundi, hili unaliweza?" Nikamjibu naliweza. Kumbe mdomo umetangulia mikono. Usiku mbili nilikesha na pasi nikikunja rinda moja moja, rula huku, pini kule, na bado juu yalitoka sentimita moja na chini moja na robo. Alilivaa, akanishukuru kwa adabu, na mpaka leo hajarudi.

Ndipo nikaanza kuulizia wale wanaoishi kwa kazi hiyo wanatumia mashine gani. Jibu lilinichekesha: karatasi. Paris kuna karakana ya Lognon, ipo tangu 1853, Chanel waliinunua 2013, na marinda ya nguo zao za bei za kutisha yanatoka ndani ya makaratasi magumu yaliyokunjwa kwa mkono. Unatengeneza karatasi mbili pacha zenye mikunjo ile ile. Kitambaa unakilaza katikati, kama siagi kati ya vipande vya mkate, unazifumba zote tatu kwa pamoja, unafunga, unapika kwa mvuke. Vikipoa, kitambaa kimeshika. Pacha hizo mimi naziita kalibu.

Sasa nenda dukani ukaulize karatasi ya kutengenezea kalibu ya marinda. Muuzaji atakutazama tu, maana kwake karatasi ni ya kujaladia madaftari. Kwa hiyo nilijaribu mwenyewe, miezi minne, aina nne nilizozipata Kariakoo na huku mtaani Magomeni. Zote nilizipa mtihani mmoja: marinda ya kinanda (yale yanayosimama na kujifumba kama kinanda cha kuvuta) ya sentimita 2, shifoni ya poliesta, dakika 40 juu ya mvuke, kisha kulala usiku mzima bila kufunguliwa. Gazeti sikulihesabu hata kwenye hizo nne. Wino wake utausoma kwenye kitambaa.

Nilianza na manila, na manila ndiyo iliyonidanganya. Ukiigusa unaona imesimama, ina heshima, inakubali mstari. Unachukua peni ya Bic iliyokwisha wino, unaipitisha kando ya rula kwa nguvu kidogo, mfereji unabaki, halafu mkunjo unakuja wenyewe bila kubembelezwa. Kalibu ya kwanza ilitoka nzuri mpaka nikaipiga picha nikaweka status. Mara ya kwanza safi, ya pili safi. Mara ya nne migongo ya mikunjo ikaanza kuota nywele nyeupe, na ya sita nikaibeba imegawanyika vipande vitatu mikononi. Karatasi nene hivyo ikikunjwa inavunjika mfupa, haipindi. Halafu ni fupi. Gauni la kufika chini linataka uunge, na selotepu kwenye mvuke inaachia kama haijawahi kubandikwa. Nilichofanya ni kuziunga kwa cherehani, stichi ndefu, sindano kuukuu ambayo sitaihitaji tena kwa nguo, maana karatasi inaua makali ya sindano. Huo mshono umedumu kuliko karatasi yenyewe. Ah, na msinunue ya rangi. Nyeupe ziliisha dukani nikachukua ya bluu. Mvuke ulipoingia bluu ikahamia kwenye shifoni ya rangi ya maziwa, na hiyo shifoni sasa ndiyo pazia la chumba changu cha kupimia. Manila naipa 4 kati ya 10, na hizo 4 ni za kujifunzia tu.

Ya pili ilikuwa wazo la binti anayejifunza kwangu. Akaniambia, "Mama, mfuko wa saruji je? Ule haupasuki hata ukibebwa na watu wawili." Anasema ule wa karatasi, siyo ule wa sandarusi. Hakukosea. Mfuko wa saruji umetengenezwa kwa tabaka za karatasi ya kaki ngumu kweli kweli, na tabaka la katikati halijagusana na saruji sana. Tulipata mitatu kwa jirani anayejenga, tukaichana, tukaipiga brashi, tukaikung'uta nje mpaka tukapiga chafya. Mikunjo ikakaa vizuri ajabu. Tulipofungua asubuhi, kwenye kila bonde la rinda palikuwa na mstari wa kijivu. Vumbi lililojificha kwenye nyuzi za karatasi lilikutana na mvuke likafanya kazi yake, maana saruji ikionja maji haijui kama uko kwenye nguo au kwenye msingi wa nyumba. Nguo haikutoka doa. Kama una kitambaa cheusi na roho ngumu, jaribu. Mimi nimeacha.

Ya tatu, karatasi ya kuokea keki. Peke yake haifai, ni laini mno, rinda linalala kama limechoka. Lakini msiirudishe jikoni, nitaieleza.

Iliyobaki mezani ni kaki ya roli. Siyo ile nyembamba ya kujaladia madaftari ya darasa la kwanza, ambayo mvuke ukiingia inalegea kama chapati. Nasema ile nzito, ya kufungashia mizigo. Ukiulizia gramu wauzaji wengi hawajui, na wengine watakutajia namba yoyote ili uondoke. Kwa hiyo nenda na kidole. Omba kona, ikunje, ipitishie ukucha kwa nguvu, ifungue. Ukiona mgongo wa mkunjo umebaki kahawia, hauna nywele, hauna ufa, nunua. Halafu ichane kidogo pande zote mbili. Karatasi nayo ina uzi wake kama kitambaa: upande mmoja inachanika imenyooka, upande mwingine inakwenda mrama kama mlevi. Mikunjo mirefu ipange ifuate ule upande ulionyooka. Hili hakuna aliyeniambia. Nililijua baada ya kuharibu mita 2 nikishangaa kwa nini kalibu ile ile, karatasi ile ile, upande mmoja inakunjika kama hariri na mwingine inapasuka.

Roli yangu ina upana wa sentimita 90, inatosha sketi bila kuunga. Kalibu ya kwanza ya kaki nimeitumia mara 11 na inaendelea. Tena kadiri inavyotumika ndivyo inavyokunjika vizuri; sasa hivi ukiishika kona mbili ukaisukuma, inajifumba yenyewe yote kama feni ya bibi harusi. Kasoro zake ni harufu, siku mbili za kwanza kibanda kizima kinanuka boksi lililolowa, na kwamba siiamini na kitambaa cheupe. Hapo ndipo ile ya kuokea inapoingia: tabaka moja juu, moja chini, kitambaa hakigusi kaki kabisa. Kwa pamoja nazipa 9. Hiyo moja nimeikata kwa ajili ya wauzaji wanaoikunja roli katikati ili iingie kwenye mfuko. Kaki ikishakunjwa pasipotakiwa, mkunjo ule utauona kwenye kila nguo.

Kuhusu kupika: mimi natumia sufuria kubwa la pilau, maji chini, wavu katikati, mzigo wangu umefungwa kwa vitambaa vilivyochanwa (siyo kamba ya plastiki, nisiulizwe) na kufunikwa taulo ili matone ya kifuniko yasidondokee karatasi. Dakika 40. Kisha unautoa na unauacha. Ukifungua wa moto umepoteza kazi yote, kwa sababu kitambaa kinashika umbo wakati wa kupoa, siyo wakati wa kuchemka. Binti alichungulia mara moja tu, "kidogo tu mama", na hicho kidogo kikatugharimu mita 3.

Mita 3 ziliingiaje? Marinda ya kulala upande mmoja, yakigusana bila nafasi, yanakula kitambaa mara tatu. Kiuno cha sentimita 80 kinataka mita 2 na sentimita 40 kabla hujafikiria mshono. Mwambieni mteja mapema, kabla hajaenda Mtaa wa Uhuru kununua.

Na muulizeni kitambaa ni cha aina gani, poliesta au pamba. Mimi sikumuuliza mama mmoja aliyeniletea kitenge cha pamba. Nikakipika kama kawaida, kikatoka kimependeza, akavaa hapa hapa akaondoka nacho. Alipofika Mbagala akanipigia: "Fundi, marinda nimeyaacha kwenye daladala." Alikaa tu, akatoka jasho, yakafunguka. Poliesta ni plastiki, ukiipa joto inakubali umbo jipya na inalikumbuka. Pamba haina kumbukumbu hiyo. Nilimshonea yale marinda kwa uzi kutoka kiunoni hadi nyongani, bure, na kosa ni langu, karatasi haikuhusika.

Lakini faida kubwa ya karatasi nimeipata kabla ya kufika kwenye mvuke. Dada mmoja alitaka sketi ya marinda ya khanga, jina la khanga lizunguke chini. Khanga yenyewe ilikuwa imeandikwa HASIDI HANA SABABU. Zamani ningekata moja kwa moja. Safari hii nilichora lile jina kwenye ukanda wa kaki, herufi kwa ukubwa ule ule, nikakunja. Rinda la kati likameza neno zima, ikabaki HASIDI SABABU. Tukacheka mpaka nikakaa chini. Nikakunja tena, marinda mapana zaidi, nikasogeza mwanzo sentimita 3 kulia. Sasa akisimama linasomeka HASIDI, akitembea yanafunguka na HANA SABABU inajitokeza. Alipoona karatasi tu alilipa nusu papo hapo. Khanga ni pamba, kwa hiyo hayo marinda niliyashona, sikuyapika. Majaribio matano, kaki isiyofika hata mita moja, na khanga haijaguswa na mkasi.

Tangu hapo sikati kitu chenye mstari au ua kubwa bila kukunja karatasi kwanza. Napaka rangi mabonde tu kwa kalamu za watoto, vilima naviacha, naona nguo ikifunguka itatoa nini. Binti amekuwa hodari kuliko mimi kwa hili, ana mafungu ya karatasi kwenye boksi la viatu, na mengine ni mazuri sina nguo ya kuyapeleka.

Nilijaribu pia mtindo wa Issey Miyake, mbunifu wa mavazi wa Japani, yule aliyeanza majaribio yake ya marinda 1988 na kuyafanya chapa nzima, Pleats Please, 1993. Yeye alishona kwanza nguo kubwa, mara mbili na nusu hadi tatu ya mvaaji, ndipo ikaingia kati ya karatasi na kwenye joto. Nikashona blauzi ya kiasi hicho. Binti akaitandaza mezani akauliza, "Hii ni ya nani, ya tembo?" Ilipotoka kwenye kalibu ilimtosha yeye. Mabegani mishono ilivimba, nimegundua bitana haitakiwi kabisa na ovaloki iwe nyembamba. Nitarudia.

Kuna mmoja umenishinda. Unaitwa mkunjo wa Miura, kwa jina la Koryo Miura, mwanasayansi wa anga wa Japani aliyeubuni kwa ajili ya kukunja paneli za sola za vyombo vya anga. Ukiutazama ni kama mifupa ya samaki iliyopangwa safu safu, na unajifumba pande mbili kwa mpigo, urefu na upana. Nilikunja mmoja kwa kaki kwa ajili ya mikono ya gauni, siku nzima, vidole vikaniuma. Pacha yake haikulingana nayo kwa milimita chache tu, na kwa mkunjo huu milimita chache zinatosha kuzifanya zikatae kuingiana. Nimeitundika ile moja juu ya meza, karibu na balbu, nikisubiri siku nitakayokuwa na subira ya kukunja ya pili. Juzi mteja ameingia kuchukua suruali ya mumewe, akainua macho, akaizunguka. "Fundi," akasema, "na hiyo taa unauza bei gani?"