Teams ya bure haikuichukua nafasi ya Skype

Skype, programu ya kupiga simu kwa intaneti, ilizimwa tarehe 5 Mei 2025, na wamiliki wake, Microsoft, wakatuelekeza kwenye Teams ya bure, programu yao nyingine ya mazungumzo na mikutano. Nimeitumia kwa muda wa kutosha kuwa na la kusema. Mimi ni mkalimani. Kazi yangu ni sauti tupu: mtu wa lugha moja upande huu, wa lugha nyingine upande ule, mimi katikati. Mara nyingi mmoja wao yuko kwenye simu ya mezani ya ofisi au ya wodi, na hana habari na programu yoyote. Kwa hiyo napima mambo mawili tu: sauti inafika vipi, na inamfikia nani.

Sauti inafika vizuri. Inasikika safi, na kuonyeshana skrini ni jambo la kubofya mara moja. Kuhama nako kulirahisishwa: uliingia kwa akaunti yako ileile ya Skype, majina na mazungumzo ya zamani yakakufuata. Asiyetaka kuhama alipewa hadi Januari 2026 kupakua kumbukumbu zake. Kampuni nyingi zinazofunga huduma hazifanyi hata nusu ya hayo, na kwa hilo nawapongeza.

Sasa, inamfikia nani? Inamfikia mwenye akaunti, au aliyetumiwa kiungo cha mkutano. Basi. Skype ilimfikia yeyote mwenye namba. Uliweka salio, ukabonyeza namba ya nchi yoyote, simu ikaita mezani kwa mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Uliweza hata kukodi namba ya nchi nyingine, watu wa huko wakakupigia kama jirani yao. Microsoft waliacha kuuza salio na namba hizo. Waliokuwa na salio lililobaki waliachiwa kibodi ya kupigia ndani ya Teams, lakini mteja mpya hana cha kununua. Sababu yao ni kwamba bando zimeshuka bei na kila mtu sasa anapiga kwa intaneti. Kila mtu yupi? Benki, balozi, mahakama, hospitali na wazee wengi bado wanapatikana kwa namba ya simu. Anayewahitaji hao hawezi kuwatumia kiungo cha mkutano.

Wengi watakuambia Skype ilikufa kwa sababu ilizeeka. Sikubali. Ilikuwa na wamiliki ambao kila mmoja aliinunua kwa jambo lingine, na ukifuatilia maamuzi yao utaona jinsi ilivyoishiwa nguvu.

Ilianza mwaka 2003. Waanzilishi walikuwa Niklas Zennström wa Sweden na Janus Friis wa Denmark, na programu yenyewe iliandikwa na vijana wa Estonia, wakiwemo Ahti Heinla, Priit Kasesalu na Jaan Tallinn. Ufundi wao ulikuwa wa kupendeza: kompyuta za watumiaji zenyewe ndizo zilibeba mtandao, kwa hiyo kampuni ndogo iliweza kuhudumia dunia nzima bila majumba ya seva, yaani kompyuta kubwa za kuendeshea huduma. Mwaka 2005 eBay, soko la mnada la mtandaoni, wakainunua kwa takribani dola bilioni 2.6, wakiamini wauzaji na wanunuzi wa mnadani watataka kuongea kwa sauti. Hawakutaka. Kibaya zaidi, ufundi wa msingi uliobeba mtandao ule haukuwa sehemu ya mauzo. Ulibaki kwenye kampuni nyingine ya waanzilishi walewale, na mwaka 2009 wakafikishana mahakamani. Unalipa mabilioni halafu moyo wa ulichonunua uko mfukoni mwa aliyekuuzia! Sijui uamuzi wa kibiashara unaonishangaza kuliko huo.

Microsoft, chini ya Steve Ballmer, waliichukua mwaka 2011 kwa dola bilioni 8.5, ununuzi mkubwa kuliko wote waliowahi kufanya hadi wakati huo. Hapa niwe mkweli: si kila walichofanya kilikuwa kibaya. Kuhamisha mtandao kutoka kompyuta za watu kwenda kwenye seva kulihitajika, kwa kuwa simu ya mkononi yenye betri ndogo haiwezi kubebeshwa mazungumzo ya wengine. Isitoshe, mfumo wa zamani ulishaanguka kwa takribani siku mbili Agosti 2007, baada ya kompyuta nyingi kujizima na kuwaka kwa wakati mmoja kufuatia sasisho la Windows.

Walipoharibu ni kwenye kukosa msimamo. Mwaka 2015 walilibandika jina la Skype kwenye programu yao ya maofisini iliyoitwa Lync, ikawa Skype for Business, kitu kingine kabisa chenye jina lilelile. Mwaka 2017 wakaipaka Skype ya kawaida rangi za Snapchat, programu ya vijana ya kutumiana picha, wakaiwekea sehemu ya picha zinazotoweka baada ya muda kwa jina la Highlights, wakati mtu aliifungua ili apige simu. Mwaka uliofuata wakaiondoa sehemu hiyo. Agosti 2018 walilazimika pia kuahirisha kuzima toleo la zamani kwa sababu watumiaji walipiga kelele. Na mwaka huohuo wa 2017 walikuwa wameshaizindua Teams, mtoto wao wenyewe.

Kisha ikaja 2020. Dunia nzima imefungiwa ndani, watu wote wanatafuta namna ya kuonana, na Microsoft wana jina la Skype, ambalo katika lugha nyingi limeshakuwa kitenzi. Machi mwaka huo Skype ilikuwa na watu milioni 40 kwa siku, Teams milioni 44. Walikuwa karibu sawa! Nguvu zote zikaenda Teams, kwa sababu Teams inauzwa kwa makampuni ndani ya kifurushi cha Office, na mtu wa kawaida anayempigia shangazi yake hana kifurushi cha kununua. Zoom, programu ya mikutano ya video ya kampuni nyingine, wakawachukua wengi wa watu hao wa kawaida. Kufikia 2023 Skype ilikuwa na milioni 36 kwa siku. Watu hao si wachache, ila kwa Microsoft hawakutosha tena.

Ndiyo maana Teams ya bure ina harufu ya ofisi. Ukiifungua unakutana na kalenda, jumuiya, mikutano ya kupangwa. Mkutano wa kikundi unakatwa dakika ya 60, ukomo ambao mkalimani anayefanya kazi na wakili hawezi kuishi nao, maana ushahidi hauishi kwa saa. Mazungumzo ya watu wawili yana nafasi kubwa, hapo sina neno.

Kama wote unaoongea nao wana kompyuta au simu janja, na mnaongea wawili wawili, itumie Teams, haitakusumbua. Kama kazi yako inapitia namba za simu za mezani, usipoteze muda kuizoea. Tafuta kampuni inayouza dakika za kimataifa, na kabla ya kulipa soma masharti yao uone salio lisipotumika linaisha lini. Naipa Teams ya bure nyota mbili kati ya tano, zote mbili kwa ajili ya sauti.