Altezza yangu, spesa za milimita 15, na rimu ambazo ningeanza nazo

Ukiliangalia Altezza, sedani ya Toyota, likiwa na rimu za kiwandani kutoka nyuma, utaona kama mtu wa mabega mapana aliyevaa viatu vya mdogo wake. Mwili umejaa, madigadi yamevimba vizuri, halafu magurudumu yamezama ndani kana kwamba yanaogopa mvua. Langu ni RS200, gia sita za mkono, injini ya 3S-GE, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Najua Altezza lina sifa mbaya mitaani Dar, kila likipita watu wanatafuta ni kijana gani mhuni aliyelishika. Mimi nina mke na watoto wawili, na bado nalipenda.

Nilianza na spesa, vile vipande vya kulisukuma gurudumu nje, kwa sababu ya pesa, sina sababu nyingine ya kuitetea. Rimu nzuri za mtumba kutoka Japani zilikuwa mbali na mfuko wangu, na spesa nne ziliuzwa chini ya laki na nusu. Nikaenda Kariakoo. Muuzaji akaniwekea mezani vipande vinne vya aloi vinavyong'aa, akasema, "Kaka, hizi zinaingia Toyota zote za nati tano." Hapo ndipo ningepaswa kuaga na kuondoka. Toyota za nati tano hazifanani: zipo ambazo duara linalopita kwenye nati lina kipenyo cha milimita 100 kama Celica, zipo za 114.3 kama Altezza, na Land Cruiser kubwa ni 150. Hizi kweli zilikuwa 5x114.3, yaani nati tano kwenye duara la 114.3, na stadi (bolti ambazo nati hukazwa juu yake) za M12x1.5, yaani unene wa milimita 12 na uzi wa milimita 1.5, kwa hiyo zilikaa. Kukaa na kukaa sawasawa ni vitu viwili, lakini hilo nililijua baadaye.

Kwa asiyezijua, spesa ni sahani ya chuma au aloi inayokaa kati ya habu, kitovu cha gari ambacho rimu hufungwa juu yake, na rimu ili kulisukuma gurudumu nje. Zile nyembamba, za milimita 3 au 5, unazipachika tu na kutumia stadi zilezile za gari. Shida yake ni kwamba zinakula uzi wa stadi. Kwa stadi ya M12x1.5, kila milimita 5 unapoteza zaidi ya mizunguko mitatu ya nati, na mafundi waangalifu wanataka nati izunguke angalau mara nane kabla ya kukaza. Zile nene zinafungwa kwenye habu kwa nati zake, halafu zina stadi zake nyingine zinazobeba rimu. Yangu ilikuwa ya aina hiyo, milimita 15.

Milimita 15 ni unene wa hovyo, niseme wazi. Ni nene kiasi cha kuhitaji stadi zake, lakini ni nyembamba kiasi kwamba stadi za asili za gari zinachungulia upande wa pili. Zangu zilitokeza milimita nne hivi. Rimu nyingi huwa na vishimo nyuma, kati ya matundu ya nati, na ncha hizo huingia humo bila kugusa. Vishimo vya rimu zangu havikuwa na kina cha kutosha. Gurudumu lilikaa juu ya ncha za stadi badala ya kulala bapa kwenye spesa. Fundi wa kwanza, kijana mwenye haraka zake, akachukua grainda na kusema atazikata kidogo tu. Nikakubali. Nilisimama pale nikitazama cheche, nikiwaza picha nitakazopiga jioni.

Picha zilikuwa nzuri, sikatai. Gari lilionekana limesimama imara.

Wiki iliyofuata nilikuwa na safari ya Morogoro. Mjini sikuwa nimesikia kitu, maana foleni na matuta havikuruhusu gari lifike kasi ya kusema ukweli. Baada ya Mlandizi barabara ikafunguka, mshale ukapita 85, na usukani ukaanza kutetemeka. Nikipunguza unatulia, nikirudi unarudi. Chalinze nikasimama, nikatoa spana ya magurudumu kwenye buti ili nijiridhishe tu. Nati tatu za gurudumu la mbele kushoto zilizunguka kwa mkono mmoja bila nguvu. Moja nyuma kulia nayo ilikuwa imelegea. Nilikaza zote, nikanunua maji, nikakaa kivulini mpaka mikono ikaacha kutetemeka kuliko ule usukani.

Niliporudi Dar nilibalansi matairi mara mbili, nikapima alainimenti, nikatumia elfu arobaini na kitu. Kijana wa kubalansi ndiye aliyenisaidia bila kujua: "Bro, hapa kwenye mashine tairi zako ziko poa kabisa. Tatizo lako halipo kwenye tairi." Nikampelekea mzee mmoja wa Ilala ambaye hutengeneza magari ya watu wazima. Alifungua gurudumu, akatazama, akacheka kwa pua.

"Mwanangu, nani amekufungia hivi?"

"Fundi mmoja, mzee."

"Fundi." Hakuongeza neno.

Alinionyesha mambo mawili, na haya ndiyo kiini cha uzoefu wangu wote. La kwanza, tundu la katikati. Habu ya Altezza ina kipenyo cha milimita 60.1, na rimu ya kiwandani ina tundu la saizi hiyohiyo, linaivaa habu kama kifuniko cha chupa. Tundu la spesa zangu tulilipima kwa venia, kile kifaa cha kupimia milimita: 67. Yaani kulikuwa na pengo la karibu milimita tatu na nusu kuzunguka pande zote, na upande wa nje spesa haikuwa na ukingo wowote wa kuishika rimu. Gurudumu langu halikuwa na kitu cha kulieleza katikati ni wapi. Lilining'inia kwenye nati tu.

La pili, nati zenyewe. Rimu nyingi za aloi za kiwandani za Toyota hutumia nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Shingo inaingia ndani ya tundu, washa inalala kwenye aloi. Muuzaji alinipa nati za koni, na fundi wa grainda akazifunga zote kwa mashine ya upepo. Koni kwenye tundu la bapa inagusa mstari mwembamba tu. Inang'ata aloi, aloi inabonyea, ukazo unakwisha. Mzee alipitisha ukucha kwenye tundu moja, nikauona mkwaruzo unaong'aa mahali ambapo nati ilikuwa ikila rimu yangu kidogokidogo tangu nilipotoka nyumbani.

Alinituma kwa mkerezaji, akatengeneza pete nne za aloi, nje 67, ndani 60.1, zenye ukingo wa kupokea rimu upande wa pili. Tukarudisha nati za asili kwenye rimu, tukaacha za koni upande wa habu ambako spesa ilikuwa na viti vya koni. Stadi zilizokatwa tukazitoa na kuweka mpya, na vishimo vya nyuma ya rimu havikuguswa kabisa: mkerezaji alipunguza ncha za stadi mpya kwa kipimo, akaacha uzi wa kutosha. Nati zikakazwa kwa mkono, kwa mpangilio wa nyota, mpaka Nm 103 (kipimo cha nguvu ya kukaza) kama Toyota inavyotaka, na baada ya kilomita themanini hivi nikarudi zikaangaliwa tena. Mtetemo ulikufa. Nilitembelea spesa hizo miezi saba zaidi bila nati hata moja kulegea.

Sasa nizungumzie lile linalosemwa kila gereji, kwamba spesa zinaua beringi. Nililiamini mpaka nilipokaa na karatasi. Rimu ya kiwandani ya gari langu ni inchi 17 kwa 7, kipenyo kwa upana, ofseti 50. Ofseti ni umbali wa uso unaogusa habu kutoka mstari wa katikati ya rimu. Namba ikiwa ndogo, gurudumu linatoka nje. Ukiweka spesa ya 15, ofseti 50 inakuwa 35. Ukinunua rimu ya ofseti 35, inakuwa 35. Beringi haijui kama kuna spesa. Inachojua ni mzigo umekaa umbali gani, na huo ni uleule. Fundi anayekukataza spesa halafu anakuuzia rimu ya ofseti 20 anakupeleka mbali zaidi kuliko ulipokuwa. Kinachoitofautisha spesa ni kwamba unaongeza kiungo kimoja zaidi: uso mwingine wa kuingia kutu na mchanga, nati tano nyingine ambazo huzioni mpaka ufungue gurudumu, na pete nyingine ya kukosea.

Na mabadiliko ya usukani yapo kwa njia zote mbili. Kwenye kona gari lilitulia zaidi, hasa mbele. Lakini usukani ulikuwa mzito kidogo wakati wa kuegesha, na kwenye barabara ya Morogoro, pale malori yalipochimba mifereji kwenye lami, gari lilitaka kuifuata mifereji hiyo lenyewe. Breki ya ghafla upande mmoja ukiwa kwenye mchanga, mkono unahisi. Wenye Altezza ziangalieni bolijointi za chini za mbele, vile viungo vinavyoruhusu gurudumu kugeuka, kabla ya kuongeza upana wowote. Ni sehemu ya gari hili isiyotaka mzaha. Masika nayo ilinifundisha kwamba matope yanayorushwa na tairi lililotoka nje huishia kwenye mlango na kioo cha pembeni.

Pesa zilipopatikana nilinunua Enkei RPF1 za mtumba, rimu za Kijapani, inchi 17 kwa 8, ofseti 35. Nilizitafuta miezi mitatu, maana kopi zake ni nyingi kuliko zenyewe. Nilitazama jina na vipimo vilivyochongwa nyuma, alama ya JWL ya viwango vya rimu vya Japani, na uzito. Hapo uzito ndio unaosema: RPF1 ya saizi hii ina kilo saba na ushei. Nilizipima kwenye mizani ya muuza mchele jirani, aliyedhani nimerukwa na akili, na rimu yangu ya kiwandani ikazidi kwa karibu kilo mbili kila moja. Kopi huwa haiwezi kuficha kilo. Kabla ya kulipa nilizifungisha kwenye mashine ya kubalansi bila tairi na kuzizungusha. Seti ya kwanza niliyoletewa ilikuwa na moja iliyopinda ndani na nyingine iliyochomelewa ikapakwa rangi mpya. Rangi mpya kwenye rimu ya mtumba hunipa homa. Nikazikataa, muuzaji akanuna.

Hesabu ya upana ndiyo wengi wanairuka. Ofseti ni 35 kama ilivyokuwa kwa spesa, ila rimu ni pana kwa inchi moja, na upana huo unagawanyika pande mbili. Kwa hiyo ukingo wa nje umetoka karibu milimita 28 kuliko rimu ya kiwandani, wakati spesa ziliutoa 15. Ukingo wa ndani umesogea mbali na mikono ya saspensheni kwa milimita mbili na kidogo tu. Yaani nimepata mwonekano kuliko wa spesa kwa ofseti ileile, na tairi pana juu yake: 225/45R17 badala ya 215/45R17. Kipenyo kimeongezeka milimita 9, spidomita inadanganya kidogo sana, haijanitia kwenye mikono ya trafiki.

Tundu la katikati la RPF1 ni milimita 73, kwa hiyo pete zipo tena, 73 kwa 60.1, na safari hii nilizinunua kabla rimu hazijafika nyumbani. Nati ni za koni, kwa sababu rimu hizi ndizo zinazotaka koni. Matundu yake ni membamba, spana ya kawaida ya buti haiingii vizuri, kwa hiyo nenda na soketi nyembamba na uiache ndani ya gari, la sivyo pancha ya usiku itakuwa hadithi nyingine.

Kasoro moja ninayo. Nikiwa na watu wanne na mizigo, nikipita tuta kwa haraka, tairi la nyuma hugusa ukingo wa ndani wa madigadi. Nimeshaukunja ukingo huo kwa ustadi wa fundi wa bodi, umepungua, haujaisha. Gari langu limeshushwa kidogo. La urefu wa kiwandani nadhani halitapata hilo. Tofauti niliyoihisi zaidi siyo ya kona, ni ya matuta: gurudumu jepesi linapanda na kushuka bila kubamiza, na mke wangu, asiyejua ofseti ni nini, alisema gari "limeacha kugonga."

Spesa bado ziko stoo, zimefungwa kwenye gazeti pamoja na pete zake. Dogo mmoja wa mtaani mwenye Mark X amekuja kuziomba mara mbili. Nimemwambia Mark X lina 5x114.3 sawa, zitaingia, lakini aje kwanza na rimu yake moja tuigeuze tuangalie vishimo vya nyuma. Mpaka leo anakuja na pesa tu, rimu hajaleta.