Uzoefu wangu Hall of Flame, Phoenix: magari ya faya ya enzi za ndoo na farasi

Wageni wakija kututembelea Phoenix, Arizona, desturi yetu ni kuwapeleka Papago Park wakaone wanyama na mimea ya jangwani. Siku hizi naongeza na Hall of Flame, makumbusho ya zimamoto iliyo jirani hapo hapo, na wengi hutoka wakiisifia hiyo kuliko wanyama.

Ilivyoanza inachekesha kidogo. Krismasi ya mwaka 1955, George F. Getz Jr. alipewa zawadi na mkewe: gari la faya la kampuni ya American LaFrance, la mwaka 1924. Mwingine angeshukuru yakaisha. Yeye akaendelea kukusanya, mwaka 1961 akafungua makumbusho huko Wisconsin, na mwaka 1974 makumbusho yakafunguliwa hapa Phoenix. Leo kuna magari na mabomba yaliyokarabatiwa zaidi ya 90.

Mwanangu alikimbilia moja kwa moja kwenye gari ambalo watoto wanaruhusiwa kupanda, na kumshusha ilikuwa kazi. Mimi nilinasa kwenye bomba la mkono la Kiingereza la mwaka 1725. Mabomba ya namna hii ndiyo yaliyompa jina Richard Newsham wa London, mtengeneza vifungo vya nguo aliyegeukia mambo ya moto. Ukiliangalia ni hori la mbao lenye magurudumu, na mishikio mirefu ubavuni. Watu walipanga mstari, ndoo za ngozi zikapita mkono kwa mkono hadi kwenye hori. Wanaume wa pembeni wakapandisha na kushusha mishikio, wengine juu wakakanyaga kwa miguu kuwaongezea nguvu. Pistoni ni mbili, zinapokezana, na kati yake kuna chemba ya hewa. Ujanja wote uko kwenye hiyo chemba: hewa iliyobanwa humo huendelea kusukuma maji wakati pistoni zinapobadilishana zamu, kwa hiyo maji hayatoki kwa kurukaruka, yanatoka mfululizo. New York ilinunua mawili ya Newsham mwaka 1731.

Ukifika kwenye mabomba ya Marekani ya karne ya 19 ukaona nakshi na dhahabu, usidhani ni fundi wa leo kazidisha manjonjo. Vikosi vya kujitolea vya wakati huo vilishindana kwa urembo kama vilivyoshindana kuwahi moto, na vingine vilikuwa na magari ya kuringia kwenye gwaride. Hata hivyo mimi ni mtu wa kupenda kitu cha kale kibaki na makovu yake. Rangi ikishang'aa sana, inabidi ujikumbushe kwamba kitu hiki kiliwahi kusimama mbele ya nyumba inayoungua. Mke wangu hakubaliani nami kabisa, anasema bila ukarabati kutu ingeshamaliza kila kitu. Ana hoja.

Ukimkuta mzee wa kujitolea aliyewahi kufanya kazi ya faya, mng'ang'anie. Wetu alitusimamisha mbele ya bomba la mvuke akatueleza kwamba boila haikuachwa ipoe: ikiwa kituoni iliunganishwa kwa mabomba na tanuri la jengo, maji yakakaa ya moto saa zote, na gari likitoka tu muunganiko unajiachia wenyewe. Hatamu na mikanda ilining'inizwa darini. Farasi wakishasimama mahali pao, inashushwa mgongoni, inafungwa, safari. Ndipo akaingia kwenye ile nguzo ya kutelezea, ya kushukia haraka kutoka ghorofani. Alichokisifia ni kikosi cha watu weusi cha Chicago, Engine 21, ambako kapteni David Kenyon aliiweka mwaka 1878. Vikosi vingine viliwacheka, kisha vikaiga. Nilifurahi mwanangu alikuwepo kusikia hilo.

Mvuke nao ulipunguza idadi ya watu waliohitajika, na Cincinnati ilipoanza kuutumia mwaka 1853 ikaunda kikosi cha kulipwa mshahara. Waliozoea kujitolea hawakufurahia hata kidogo.

Kwa mtu asiyejali mashine, saa moja inatosha. Anayezipenda ajipe asubuhi nzima. Kama ni kiangazi, nendeni kwanza kwenye wanyama na mimea asubuhi na mapema, jua likianza kuunguza mkimbilie kwenye magari, na maji ya kunywa msisahau.