Kompyuta ya Mezani Imekuwa Nzito? Nunua kwa Mpangilio Huu

Kwenye steshenari ya dada yangu Mbagala kuna Dell OptiPlex 7010, mtumba, toleo la mwaka 2012. Asubuhi alikuwa akiiwasha kwanza, kisha anafagia, anapanga rimu za karatasi, anamhudumia mtu wa fotokopi, halafu anarudi na kuikuta bado inazungusha vidoti vya Windows. Vijana waliokuja kujaza fomu za mkopo wa HESLB walisimama nyuma yake wakitazama kioo, na wengine waliondoka. Fundi mmoja akamshauri aiuze kwa bei ya chuma chakavu. Iliniuma, kwa sababu mashine ile haikuwa na ugonjwa wa kuiua.

Kabla hujatoa hela, subiri ianze kukwama, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakalofunguka lina namba tatu za kutazama: prosesa (CPU), RAM, yaani kumbukumbu ya muda (Memory), na diski (Disk). Ya dada ilisoma diski 100%, prosesa 12%. Yaani prosesa imekaa bure inasubiri diski ilete kazi. Namba hizo ndizo zikuambie ununue nini, wala si muuzaji.

Ya kwanza: SSD

Kama kompyuta yako bado ina diski ya kuzunguka, anzia hapa, hata kama hela yako inatosha kitu kimoja tu. Diski ile inazunguka mara 7,200 kwa dakika, na ndani yake kuna kichwa kinachohama huku na huko kutafuta kila faili. Windows inapowaka inaomba maelfu ya vifaili vidogo vilivyotawanyika, na kichwa hicho hufika kwenye sehemu kama 100 tu kwa sekunde. SSD ni diski ya chipu, haina kichwa wala kitu kinachozunguka. Inachota moja kwa moja. Mashine ya dada sasa iko tayari kabla hajamaliza kuvuta kiti.

Chukua ya SATA, inchi 2.5, GB 240 au 256. Ya GB 120 hujaa haraka, na SSD iliyojaa hupunguza kasi. Usikubali kuuziwa NVMe, ile nyembamba kama ubani wa vipande, eti kwa kuwa ina kasi zaidi. Kweli ina kasi, lakini madabodi (bodi kuu) ya 7010 haina sehemu ya kuichomeka. Kingston A400 na Crucial BX500 zinatosha kabisa kwa kazi za ofisi. Samsung 870 EVO ni bora kuliko hizo na waranti yake ni miaka 5; ichukue kama mashine inaandika mafaili makubwa kutwa nzima.

SSD bandia zipo, na boksi zuri halithibitishi chochote. Mwombe muuzaji aichomeke hapo hapo dukani na aifungue kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure. Mpya inapaswa kusoma saa za kuwaka sifuri au karibu na hapo. Ikisoma saa 9,000, hiyo imeshafanya kazi kwa mtu mwingine. Ukifika nyumbani ijaribu kwa H2testw kabla hujaweka kitu: inaijaza yote kisha inasoma tena, na kama GB 256 ni za kwenye stika tu utajua siku hiyo hiyo.

Kuifunga si kazi ngumu. Ni nyepesi kuliko simu, na kama huna fremu yake unaweza kuibandika ndani ya kesi kwa gundi ya pande mbili, maana haitikisiki. Piga Windows upya juu yake, na diski ya zamani ibaki humo humo kama stoo ya mafaili.

Ya pili: RAM, na hapa ndipo watu hupigwa

GB 4 hazitoshi tena. Fungua Chrome yenye kurasa sita, Word na mafaili ya kuprinti, RAM imekwisha, na kompyuta inaanza kutumia diski kama RAM ya kuazima. Fika GB 8, kwa vijiti viwili vya GB 4 vinavyofanana, maana vikiwa viwili vinasomwa kwa pamoja. GB 16 ni kwa anayehariri video au picha nzito. Hakikisha pia Windows yako ni ya biti 64, la sivyo hutafaidi chochote zaidi ya GB 4.

Soma stika ya kijiti, herufi kwa herufi. Kwa 7010 unatafuta PC3-12800U; PC3 maana yake ni RAM ya aina ya DDR3. Ile U ya mwisho ndiyo ya kompyuta ya mezani. S ni ya laptopu, fupi, haiingii. R ni ya seva, na hiyo ndiyo ya hatari kwa sababu urefu ni ule ule, inaingia vizuri, klipu zinalia "ta!" kama kawaida. Niliwahi kuuziwa vijiti viwili vya R kwa bei ya kufurahisha. Nilivichomeka nikawasha, feni ilizunguka, kioo kikabaki cheusi. Niliporudi dukani waligoma kurudisha hela. Tangu siku hiyo silipi kabla sijasoma stika.

Ya tatu haina gharama kubwa: usafi

Fungua kava, ondoa vumbi kwa brashi laini, na badilisha ile pesti iliyokauka kati ya prosesa na hitisinki, kile chuma cha kuipooza. Prosesa ikipata joto kali hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kama saa inarudi nyuma kila umeme ukikatika, betri ya CR2032 imekwisha. Ibadilishe ukiwa umeshafungua.

Zinazofuata, kwa tahadhari

Prosesa naiweka ya nne. Kutoka i3-3220 kwenda i5-3470 unapata viini (cores) vinne badala ya viwili, na soketi ni ile ile ya LGA 1155. Kwa mhariri wa video inaleta tofauti. Kwa anayechapa barua, baada ya SSD hataiona.

Kadi ya grafiki ni ya mwisho. Haiharakishi Word wala intaneti. Kama ni kwa magemu mepesi, GT 1030 inakula wati 30 tu na haihitaji waya wa ziada wa umeme. Kesi nyembamba itataka ile fupi (low profile).

Kuna jambo moja linalobadilisha hesabu yote. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, ambacho 7010 haikifikii. Kama kazi zako zote ziko kwenye intaneti, Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, itaendesha mashine ya 2012 kwa raha. Kama lazima uwe na Windows, nunua SSD peke yake kwa sasa na anza kudunduliza kwa ajili ya mashine kama OptiPlex 7060. RAM yako ya DDR3 haitaingia humo, lakini SSD utaichomoa na kuhama nayo.