Chuo Gani cha Shahada ya Kwanza kwa Anayelenga Benki za Uwekezaji Marekani

Ada kubwa hainunui somo la fedha. Somo hilo linapatikana karibu kila chuo chenye walimu makini. Kwa anayelenga benki za uwekezaji, yaani zile zinazoshauri kampuni kuhusu kuuzana, kuungana na kutafuta mtaji, kama Goldman Sachs, Evercore au Lazard, pesa inanunua mambo mawili: CV isomwe na mtu, na mtu huyo awe na sababu ya kukupigia simu. Mengine yote, kuanzia majengo hadi nafasi ya chuo kwenye orodha za magazeti, yana uzito mdogo.

Kalenda ndiyo inayowakwamisha wengi. Wachambuzi (cheo cha kuanzia kwenye benki hizi) wa mwaka wa kwanza kazini hutoka zaidi kwenye kundi lililofanya mafunzo ya kiangazi, kama wiki 10, kati ya mwaka wa tatu na wa nne wa chuo. Maombi ya mafunzo hayo hufunguliwa zaidi ya mwaka mmoja kabla, mwanafunzi akiwa bado mwaka wa pili. Kwa hiyo benki inakupima kwa matokeo ya mihula miwili au mitatu tu. GPA (wastani wa alama, kilele chake 4.0) iliyo chini ya 3.5 huanza kukwama kwenye mchujo wa awali, na muhula mmoja mbovu hauna muda wa kufidiwa. Ndiyo maana kuhamia chuo chenye jina mwaka wa tatu hakusaidii sana: unafika dirisha limeshafungwa. Kama ni kuhama, hama mara tu baada ya mwaka wa kwanza.

Kalenda hiyo hiyo inaathiri masomo. Swali la usaili lililozoeleka ni hili: uchakavu wa mali ukiongezeka kwa dola 10 na kodi ni asilimia 25, taarifa tatu za fedha zinabadilikaje? Faida kabla ya kodi inashuka kwa 10, kodi inapungua 2.5, faida halisi inashuka 7.5. Kwenye mtiririko wa fedha unarudisha zile 10, kwa hiyo fedha taslimu inapanda 2.5. Kwenye mizania, fedha imepanda 2.5, thamani ya mitambo imeshuka 10, na upande wa pili faida iliyolimbikizwa imeshuka 7.5, pande mbili zinalingana. Vyuo vingi hulifikia jambo hili kwa undani mwaka wa tatu, wakati usaili umeshapita. Anayelijua mapema hufundishwa na klabu ya fedha ya wanafunzi. Sasa, klabu hizo nazo zina mchujo wake, na kwenye baadhi ya vyuo kuingia klabu ni kugumu kuliko unavyodhani. Uliza klabu inachukua wangapi kila mwaka kabla hujavutiwa na jina la chuo.

Usitegemee vipeperushi. Fungua ukurasa wa chuo kwenye LinkedIn, nenda sehemu ya wahitimu, chuja kwa waliomaliza miaka mitano iliyopita, kisha andika jina la benki moja moja. Hesabu walioandika kwamba ni wachambuzi wa benki ya uwekezaji, si wa idara ya teknolojia au uendeshaji. Hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Halafu gawanya kwa idadi ya wahitimu. Chuo chenye wachambuzi 40 kati ya wahitimu 2,000 ni asilimia 2. Chenye 15 kati ya 500 ni asilimia 3, ingawa 40 inaonekana nono zaidi. Ripoti ya ajira ya chuo isome kwa jicho hilo hilo: "huduma za fedha" huchanganya bima, benki za kawaida na ukaguzi wa hesabu.

Kwa vigezo hivyo, tunavipanga hivi.

Cha kwanza ni chuo lengwa, yaani ambacho benki hukifuata chenyewe kutafuta waajiriwa, chenye msaada mnono wa fedha: Harvard, Yale, Princeton, Dartmouth. Havina shahada ya kwanza ya biashara, na haidhuru. Uchumi au hisabati vinatosha. Vyote vinne havizingatii uwezo wa kulipa wakati wa kudahili, hata kwa mwanafunzi wa kigeni, na hugharamia pengo lote la uhitaji, yaani sehemu ya gharama ambayo chuo kinakadiria familia haiwezi kulipa.

Cha pili ni ndaki ya biashara inayokudahili moja kwa moja. Wharton, iliyoanzishwa 1881 ndani ya University of Pennsylvania, ndiyo kinara. Stern ya New York University ina faida ya kuwa Manhattan, ila bei yake ni ya Manhattan pia.

Cha tatu, na kwa mkazi wa jimbo husika tungekipandisha hadi cha pili, ni chuo kikubwa cha umma. Kelley ya Indiana University ina warsha maalumu ya benki za uwekezaji inayochuja wanafunzi wake; McCombs ya University of Texas iko jimbo moja na benki za Houston zinazoshughulikia mafuta na gesi. Kasoro ni wingi wa watu: ukikosa warsha au klabu, umebaki na jina tu. Uliza pia kama unadahiliwa ndaki ya biashara tangu mwanzo au utaomba upya ukiwa ndani.

Cha nne ni vyuo vidogo kama Williams, Amherst na Claremont McKenna. Wahitimu ni wachache lakini hujibu barua pepe.

Cha tano ni Baruch, chuo cha umma cha jiji la New York: ada nafuu, kazi ya kubisha hodi ni yako mwenyewe.

Cha mwisho kabisa ni chuo binafsi cha bei kali ambacho hesabu yako ya LinkedIn haikitetei. Mkopo upigie hesabu kwa mshahara wa mhasibu wa kawaida, kwa kuwa wengi wanaoomba benki hizi hawapati.

Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo ya F-1 aulize jambo moja zaidi: msimbo wa tarakimu sita unaotambulisha fani ya programu yake. Baada ya kuhitimu unaruhusiwa kufanya kazi miezi 12. Programu iliyo kwenye orodha ya serikali ya fani za sayansi na teknolojia huongeza 24. Uchumi wa kawaida mara nyingi haumo, lakini msimbo 45.0603, wa ekonometriki na uchumi wa kiasi, umo. Miezi hiyo ndiyo inayokupa zamu zaidi kwenye bahati nasibu ya H-1B, viza ya kazi ya Marekani.

Na usiombe kwa udahili wa mapema unaokufunga kujiunga na chuo hicho ukikubaliwa (early decision) kama unahitaji kulinganisha barua za msaada wa fedha. Ukikubaliwa unatakiwa kufuta maombi mengine yote, na kwa kawaida barua ya kulinganisha nayo hutakuwa nayo.